Pole Iliyogeuzwa Ungamo

Walimhukumu kwa mstari mmoja alioandika mwenyewe, kwa mwandiko wa kialimu ulionyooka kama uzi wa mwashi. Mwenyekiti wa kamati ya nidhamu aliushika ule ukurasa kwa ncha za vidole viwili, kana kwamba umeokotwa jaani, akausoma kwa sauti mbele ya wajumbe wanne na karani mmoja. Ulikuwa wa Kiingereza. Mtu yeyote aliyekulia katika Kiswahili angeufasiri bila kukuna kichwa: "Mheshimiwa Daktari, pole sana kwa karatasi zako." Lakini Mwenyekiti hakutaka kuufasiri. Alilibana kwa kidole neno moja tu, "sorry", akalisoma mara mbili, kisha akaulaza ukurasa mezani.

"Umeomba msamaha," alisema kwa Kiingereza cha mahakamani. "Asiye na kosa haombi msamaha. Sasa kamati ielewe nini?"

Mwanamke aliyesimama mbele yao alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, mwanafunzi wa mwaka wa tatu na wa mwisho wa shahada ya Kiingereza. Wenzake darasani, ambao wengi wangeweza kuwa wadogo zake wa mwisho, walimwita Shangazi, na jina lilikuwa limemganda hata wahadhiri wakalitumia. Alianza kujieleza kwa Kiswahili, kwa kuwa jambo lenyewe halikuwa na mlango mwingine wa kuingilia.

"Mwenyekiti, naomba nieleze. Pale sikuomba msamaha. Nilimpa pole."

"Kiingereza!" Mwenyekiti alimkata. "Kanuni ya kumi na nne: kikao kinaendeshwa kwa Kiingereza. Tena wewe ndiye unayekisomea!"

Wajumbe wawili walicheka. Shangazi akaanza upya kwa Kiingereza. Kila alipofika mahali pa kusema "pole", hakuwa na neno la kuliweka pale isipokuwa lilelile lililomfikisha kizimbani. Katika kujitetea kwamba hakusema "sorry", alisema "sorry" mara tano. Karani aliziandika zote tano, akazipigia mstari.

Dakika ishirini na mbili zilitosha. Alisimamishwa masomo kwa mwaka mmoja, na alama zake zote za somo la fonolojia zikafutwa. Tangazo likabandikwa kwenye ubao wa ukumbi mkuu, namba yake ya usajili ikiwa imekolezwa wino, ili anayepita na asiyepita ajue.

Mtu huyu waliyemsimamisha si wa kuokotwa njiani. Alikuwa amefundisha shule ya msingi miaka kumi na mmoja, darasa la nne, watoto sabini na kitu katika chumba cha madirisha matatu. Siku moja mkaguzi alikaa nyuma ya darasa lake la Kiingereza. Shangazi alipotaja jina la kondoo kwa lugha ile, mkaguzi aliinua mkono kama mwanafunzi, akasema, "Mwalimu, huyo uliyemtaja hali majani. Huyo ni meli." Watoto hawakuelewa mzaha, ila waliona mkubwa kacheka, wakacheka. Akafundisha kipindi hadi mwisho, akafuta ubao, akaenda ofisini, akaomba fomu ya kujiendeleza. Ilimchukua miaka minne kukubaliwa. Mwajiri alimpa ruhusa ya miaka mitatu, bila nyongeza ya siku hata moja. Asiporudi na cheti katika muda huo, nafasi yake apewe mwingine.

Basi akaenda chuoni, akamwacha nyumbani mumewe, fundi cherehani anayeshona sare za shule kwenye chumba cha mbele, pamoja na mabinti zao wawili. Nyumbani huenda kila mwisho wa juma. Mumewe humwita Mwalimu, naye humwita Fundi. Hawajawahi kuitana kwa majina tangu harusi, na hakuna aliyelalamika.

Chuoni aligundua kwamba mkaguzi alikuwa na haki ya kumkosoa, ingawa hakuwa na haki ya kumdhihaki. Kiswahili kina herufi tano za irabu na sauti tano, kila moja na kitanda chake. Kiingereza kina herufi hizohizo tano, lakini sauti zimebanana humo kumi na zaidi, zimelala mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kwa kila herufi. Shangazi alijifungia katika maabara ya lugha, visikizio masikioni, akirudia kondoo na meli, kondoo na meli, hadi taya likauma. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa akipita katikati ya sauti hizo bila kugonga ukuta.

Tena hakuishia kwenye matamshi. Kwa ajili ya tasnifu yake alikusanya, katika kadi ndogo za karatasi ngumu, Kiingereza cha watu wenye Kiswahili moyoni. Aliandika kadi ya mtu anayeondoka huku akiaga kwamba "anakuja". Aliandika ya mpishi wa bweni aliyesema ameisikia harufu kwa masikio. Kadi zilifika mia moja na thelathini. Msimamizi wa tasnifu hiyo alikuwa mhadhiri wa fonolojia, yule yule Daktari mwenye karatasi. Alizipitia kadi moja baada ya nyingine, akazitia tiki kwa kalamu nyekundu.

Sasa tuje kwenye karatasi zenyewe. Maabara ya lugha ilikuwa zamani chumba cha kemia. Meza ziliondolewa, masinki yakabaki. Wiki ile maji yalikuwa yamekatika tangu Jumatano. Ijumaa alasiri Shangazi alifanya mazoezi yake, saa kumi akarudisha ufunguo kwa mlinzi na kutia sahihi. Alikuwa mtu wa mwisho katika daftari la funguo. Jumamosi maji yalirudi, yakaingia katika koki moja mbovu, yakajaa sinki, yakashuka sakafuni, na kutoka hapo yakapenya dari hadi ofisi ya chini. Ofisi hiyo ni ya Daktari. Sakafuni, kwenye kona, palikuwa na mabunda mawili ya majibu ya mtihani ambayo hayajasahihishwa. Kanuni za chuo zinataka karatasi za mtihani zikae katika kabati la chuma la idara, chini ya kufuli. Hizi zilikaa sakafuni.

Jumatatu asubuhi Shangazi alipita akaona mlango uko wazi. Daktari alikuwa ameinama, anatandaza kurasa zilizovimba kwenye migongo ya viti, moja moja, kama nguo za mtoto mchanga. Wino ulikuwa umetawanyika hata jibu na swali havitambuliki. Shangazi alikuwa anawahi kipindi. Aliporudi, mlango ulikuwa umefungwa. Mtu aliyelelewa hapiti penye msiba kimya. Alichana ukurasa, na kwa kuwa ukutani pa idara pamebandikwa agizo kwamba maandishi yote kwa mhadhiri yawe ya Kiingereza, aliandika kwa Kiingereza. Akaupenyeza chini ya mlango. Hilo ndilo kosa lake lote.

Baada ya hukumu hakuweza kukaa. Alikuwa na siku kumi na nne za kukata rufaa, na siku ya kwanza aliimaliza kwa miguu, kutoka bweni hadi maktaba, maktaba hadi ukumbi mkuu, akisimama mbele ya tangazo lile kana kwamba likisomwa sana litachoka na kubadilika. Chumbani alizipanga kadi zake kwa herufi, akazivuruga, akazipanga kwa namba. Alianza kufua shuka akaliacha kwenye beseni. Mwenzake wa chumbani, binti wa miaka ishirini na mmoja aliyeitwa Kipaza kwa sababu hakujua kunong'ona, alimvumilia hadi jioni.

"Shangazi, kaa basi! Unazunguka kama mtu anayetafuta choo cha stendi."

"Nikikaa nafikiri."

"Na ukitembea?"

"Nafikiri pia, lakini angalau miguu inachoka."

"Umekula?"

"Niache na kula."

Kipaza alimtazama, akavuta kiti, akakaa yeye. "Haya, tembea. Mimi nitafikiri kwa niaba yako. Ile koki aliifungua nani?"

"Sijui. Mimi hata sikuigusa. Maji hayakuwepo, ningeigusa ya nini?"

"Basi anayejua koki ni fundi bomba. Kesho namtafuta."

Na kweli alimleta, mzee mfupi mwenye ovaroli na mkanda wa waya. Alisimama mlangoni mwa bweni, akakataa kukaribia kwa sababu ya viatu vyake.

"Ile koki naijua kama mke wangu," alisema. "Washa, ule mpira wa ndani, imekufa. Ukiifunga imefunguka, ukiifungua imefunguka. Haina chama. Nimeijazia fomu ya matengenezo mara tatu tangu mwaka jana. Nakala ninazo."

"Utakuja kuyasema mbele ya kamati, baba?" Shangazi aliuliza.

"Wakiniita nitakuja. Mimi siogopi suti. Wote wakibanwa huja kwangu kuzibua."

Kipaza alicheka hadi mlinzi akageuka. Shangazi naye alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, halafu akaanza tena kutembea.

Keshoye alikwenda kwa Daktari. Alipiga hodi mara tatu.

"Ingia. Nina dakika tano."

"Daktari, shikamoo."

"Marahaba. Kaa."

"Nashukuru, nitasimama." Alitoa kadi moja mfukoni, akaiweka mezani. Ilikuwa kadi ya arobaini na moja. Juu yake palikuwa pameandikwa neno "sorry", na chini yake maelezo: hutumiwa na wasemaji wa Kiswahili mahali pa "pole", kwa mtu aliyepatwa na jambo, bila msemaji kukiri kosa lolote. Pembeni palikuwa na tiki nyekundu. "Hii tiki ni yako, Daktari."

Daktari aliigusa tiki kwa kidole. "Ni yangu."

"Basi uliuelewa ule ukurasa siku uliyousoma."

"Hii ni tasnifu. Ile ni nidhamu."

"Neno limebadilika maana lilipopanda ghorofa?"

"Usinifundishe isimu, Shangazi." Sauti ya Daktari haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeziba tundu kwa kiganja. "Karatasi themanini na sita zimeharibika. Chuo kinataka jina la mtu. Unadhani ningejibu nini?"

"Ungejibu zilikuwa sakafuni."

Daktari akaanza kuzipanga kalamu zake, nyeusi na nyeusi, nyekundu na nyekundu. "Kabati la idara limejaa," alisema hatimaye, bila kuinua macho. "Nimewaambia. Hakuna anayesikiliza. Dakika tano zimekwisha."

Shangazi aliichukua kadi yake. Mlangoni aligeuka, akaona kwamba huyu mwenye kalamu anaogopa kuliko yeye. Hilo halikumpunguzia hasira hata chembe. Mwoga mwenye cheo huwafukia wengi.

Siku ya rufaa aliingia na nakala tatu za fomu za fundi bomba. Mzee mwenyewe aliachwa nje kwenye benchi, kwani jina lake "halikuwa kwenye orodha ya mashahidi". Orodha hiyo aliitunga nani, hakuambiwa. Kamati ilikuwa ileile iliyomhukumu. Katika chuo kile rufaa hukatwa kwa hakimu yuleyule. Shangazi alianza kusoma utetezi wake kwa Kiingereza safi, sauti zote mahali pake, ndipo mlango ukafunguliwa akaingia tarishi, mama mtu mzima, amekumbatia majalada hadi kidevuni. Hakuona mguu wa meza. Kidole gumba cha mguu wake kiliupata barabara.

"Sorry!" walisema wajumbe wote watano kwa pamoja, Mwenyekiti akiwa wa kwanza. "Sorry, mama, sorry sana!"

"Asanteni, wanangu, si kitu," alijibu mama yule, akaweka majalada, akatoka akichechemea.

Shangazi alishusha karatasi yake. Akauliza, kwa Kiingereza na kwa heshima zote, ni yupi kati ya waheshimiwa watano aliyemgonga yule mama, maana wote wamekiri.

Mjumbe mmoja, mhandisi, alipasuka kicheko, akakigeuza kikohozi. Wengine watatu waliinamia saa zao. Mwenyekiti hakuinama wala hakucheka.

"Hilo liko nje ya ajenda. Karani, usiandike."

"Mwenyekiti, hata wenye lugha yao huliandika neno hili kwa mtu aliyefiwa. Je, wote ni wauaji?"

"Nimesema nje ya ajenda!"

Karani, aliyeandika "sorry" tano za Shangazi na kuzipigia mstari, hakuandika hata moja kati ya tano za kamati. Kumbukumbu za kikao kile zinasema kwamba mrufani "alileta mzaha".

Hata hivyo kicheko cha mhandisi kilikuwa kimefanya kazi yake. Wiki iliyofuata barua ilikuja. Kamati, "kwa huruma", ilikuwa tayari kumrudisha darasani siku hiyohiyo na kumrejeshea alama zake, kwa sharti moja: aandike barua ya kuomba radhi, kwa Kiingereza, akiri uzembe wake, aiwasilishe kabla ya saa sita mchana wa Ijumaa.

Alienda nyumbani na barua hiyo. Fundi alikuwa anapinda mikono ya mashati meupe. Cherehani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia. Aliisoma barua huku mguu ukiwa bado juu ya pedali.

"Mwalimu, si uandike tu yaishe? Neno moja hilo."

"Ndilo hilohilo waliloniulia."

"Sasa wanakufufua nalo. Shida iko wapi?" Alimtazama mkewe akizunguka kati ya meza ya kukatia na mlango. "Shati likikosewa mfuko, hulitupi. Unafumua mfuko, unashona upya, mteja hajui."

"Na kama mteja ndiye aliyeuchana mfuko, halafu anataka uandike kwamba umeuchana wewe?"

Fundi aliuvuta uzi, akaukata kwa meno. "Hapo nitagoma," alikiri. "Lakini mimi nikigoma napoteza shati. Wewe unapoteza miaka mitatu na kazi. Wale mabinti hawali msimamo, Mwalimu."

"Najua."

"Mimi nasema tu."

"Sema, Fundi. Nani mwingine aniambie?"

Alikaa hatimaye, kwenye kigoda cha wateja. Akamweleza kile ambacho hakuwa amemweleza mtu: kwamba akishaandika ile barua, itakaa katika jalada lake, na jalada litaandamana naye shuleni. Siku karatasi nyingine itakapopotea, mtu atalifungua na kusema, huyu ni mzoefu. Tena kulikuwa na wale watoto sabini wa darasa la nne. Atasimama mbele yao awafundishe neno lile, na atawaambia maana yake ni nini? Ile aliyoijua, au ile aliyoitia sahihi?

Mguu ulitoka kwenye pedali. "Basi andika unachojua," alisema Fundi. "Ila andika vizuri. Mwandiko wako nauaminia."

Ijumaa saa tano na nusu aliwasilisha barua. Ilikuwa na aya mbili, ya kwanza kwa Kiingereza kama walivyoagiza, ya pili kwa Kiswahili. Zote mbili zilisema jambo moja: kwamba anasikitika kwa hasara ya Daktari na ya wanafunzi themanini na sita, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, kwamba hakuifungua koki, hakuharibu washa, hakuweka karatasi sakafuni, kwamba pole yake inabaki palepale, na ungamo hana la kutoa. Aliambatisha fomu tatu za fundi bomba.

Barua ilirudi Jumatatu ikiwa na mhuri: haikukidhi sharti. Adhabu imebaki. Tangu hapo mwanamke huyu huja chuoni kila siku asubuhi, hushinda nje ya maktaba asiyoruhusiwa kuingia, na Kipaza humtolea vitabu kwa kitambulisho chake. Hakai mahali pamoja nusu saa. Anaendelea na tasnifu isiyo na msimamizi. Kadi zimefika mia moja na arobaini na nne.

Wahusika wa jambo hili wanajulikana, na hawa ndio wanaosemeshwa hapa.

Daktari, ulijua. Tiki yako inashuhudia. Nenda kwa kamati, useme karatasi zilikuwa wapi na kwa nini. Kabati likijaa, anayestahili kuhukumiwa ni aliyeambiwa akanyamaza, si mwanafunzi aliyepita na kukuonea huruma.

Mwenyekiti, mhandisi, na ninyi watatu mliotazama saa zenu: maana ya lugha yenu ya kuzaliwa mliitumia kumpa pole tarishi, mkaikana ilipomtetea mwanafunzi. Kanuni inayomzuia mtu kujitetea kwa lugha anayoimudu vyema, mbele ya watu wanaoielewa vyema, ni kitambaa cha kumziba mdomo. Ifuteni.

Na ninyi wa baraza la chuo, mnaosema hamkuletewa jambo hili, sasa mmeletewa. Ruhusa yake ya masomo inakwisha siku ya mwisho ya mwezi ujao, na mitihani inaanza wiki mbili kabla yake. Iteni kikao kipya chenye watu wapya. Mwingizeni fundi bomba kutoka kwenye benchi. Msikilizeni mwanamke huyu kwa Kiswahili. Kisha tengueni hukumu kwa maandishi, mrudisheni katika orodha ya watahiniwa kabla karatasi ya kwanza haijagawiwa, na tangazo la kumsafisha libandikwe kwenye ubao uleule wa ukumbi mkuu, kwa wino uleule mzito. Hakuna huruma inayoombwa hapa. Fanyeni kazi yenu.